Kabla ya Kupendekeza Manga, Msomaji Aulizwe Alipoguswa

Ushauri ambao msomaji wa manga huupata mara nyingi kuliko mwingine wowote ni ule usemao kwamba aliyependa kazi fulani aisome na nyingine inayofanana nayo, na kufanana huko kwa kawaida hupimwa kwa mambo yanayoonekana upesi: mapanga, mizimu, wanafunzi wa sekondari, mashindano, au ulimwengu uliojaa uchawi. Manga, yaani hadithi za picha za Kijapani zinazosomwa kutoka kulia kwenda kushoto na ambazo aghalabu hutoka sura kwa sura katika majarida kabla ya kukusanywa katika juzuu, zimekuwa nyingi mno kiasi kwamba hakuna msomaji anayeweza kuzipitia zote peke yake, kwa hiyo haja ya kuwa na mshauri ni ya kweli na haifai kubezwa. Hata hivyo, ushauri unaoegemea mada ya hadithi peke yake hupotosha, kwa kuwa kinachomfunga msomaji na kazi aliyoipenda si vitu vinavyosimuliwa ndani yake, bali ni mwendo wa masimulizi, mkono wa mchoraji, na swali ambalo kazi hiyo humwachia anapofunga juzuu ya mwisho. Aliyesifu pilau hajasema kwamba anatafuta mchele.

Chanzo kimoja cha upotoshaji huo ni majina ya makundi ambayo wachapishaji wa Japani huyatumia kupanga bidhaa zao: shonen kwa wavulana, shojo kwa wasichana, seinen kwa wanaume waliokwisha kupita ujana wa shule, na josei kwa wanawake watu wazima. Makundi haya hayaelezi aina ya hadithi hata kidogo, kwani yanachoeleza ni jarida ambamo hadithi ilichapishwa na wanunuzi ambao jarida hilo liliwalenga. Banana Fish ya Akimi Yoshida, iliyotoka kati ya 1985 na 1994, inasimulia juu ya magenge ya vijana wa New York, mauaji, na dawa inayovuruga akili ambayo chanzo chake kinafuatwa nyuma hadi kwa wanajeshi wa Marekani waliopigana Vietnam, na yote hayo yalichapishwa katika jarida la wasichana. Mshauri anayeyachukua makundi hayo kuwa ni mipaka ya ladha atamnyima kijana aliyeipenda hadithi ya upelelezi mojawapo ya kazi bora zaidi za aina hiyo, kwa sababu tu ya jina la jarida lililoizaa, na hasara hiyo huwaangukia zaidi waandishi wanawake ambao kazi zao nyingi nzito zilipitia majarida ya namna hiyo.

Jarida lina jambo jingine la kumfundisha mshauri, ila jambo hilo linahusu mwendo. Weekly Shonen Jump, lililoanzishwa na kampuni ya Shueisha mwaka 1968 na ambalo katikati ya miaka ya 1990 lilifikia nakala zaidi ya milioni 6.5 kwa toleo moja, limejengwa juu ya kura za wasomaji: ndani ya kila toleo huwamo kadi ya posta ambayo msomaji huijaza kwa kutaja hadithi zilizompendeza, na hadithi inayoshindwa kupata kura hukatishwa, wakati mwingine baada ya wiki chache tu. Mchoraji anayeishi chini ya kura hiyo hujifunza kwamba kurasa zake takriban 19 za kila wiki lazima ziwe na pambano au ugunduzi, na lazima ziishie mahali ambapo msomaji hawezi kuvumilia kusubiri. Kwa hiyo kufanana kwa Dragon Ball, Naruto na Bleach, zote za jarida hilo, hakukutokana na waandishi kuigana peke yake. Kulitokana pia na utaratibu mmoja wa kazi uliowasukuma upande mmoja. Anayependa msukumo huo ahudumiwe kutoka jarida hilohilo, na atafurahi. Anayelalamika kwamba mapambano yamemchosha hatasaidiwa na pambano lililochorwa vizuri zaidi, bali ataponea katika majarida ya kila mwezi kama vile Afternoon la kampuni ya Kodansha, ambamo sura inaruhusiwa kuishia kwa mtu aliyekaa kimya akifikiri.

Mfano ulio wazi wa tofauti hiyo ni Vinland Saga ya Makoto Yukimura. Kazi hii ilianza mwaka 2005 katika jarida la kila wiki na ndani ya mwaka huohuo ikahamishiwa Afternoon, na huko ndiko ilikopata nafasi ya kumtoa shujaa wake, Thorfinn, katika vita vya kulipiza kisasi na kumweka shambani akiwa mtumwa, anayeng'oa visiki na kupanda ngano kwa juzuu kadhaa huku akijifunza kwamba hana adui. Ni vigumu kuamini kwamba sehemu hiyo, ambayo kwa maoni ya makala haya ndiyo moyo wa kazi nzima, ingenusurika mbele ya kura za kila wiki.

Suala la Death Note linastahili kuangaliwa kwa karibu, kwa sababu hapo ndipo mapendekezo ya mazoea yanapoonyesha udhaifu wao. Kazi hiyo ya mwandishi Tsugumi Ohba na mchoraji Takeshi Obata, iliyotoka kati ya 2003 na 2006 na kukusanywa katika juzuu 12, inamhusu mwanafunzi hodari aitwaye Light Yagami, ambaye anaokota daftari lenye uwezo wa kumuua mtu yeyote ambaye jina lake litaandikwa humo, mradi anayeandika awe anaijua sura yake. Aliyeimaliza huambiwa karibu mara zote asome Monster ya Naoki Urasawa, iliyotoka kati ya 1994 na 2001 katika juzuu 18, kwa hoja kwamba zote mbili zina muuaji mwenye akili nyingi na mtu anayemwandama. Hoja hiyo ni kweli kwa maneno, lakini kwa usomaji ni nusu ya ukweli.

Katika Death Note, furaha kubwa ya msomaji hutoka kwenye kanuni. Daftari lina masharti yanayochapishwa kati ya sura na sura, na kila sharti jipya humfanya msomaji ajiulize jinsi mchezaji mmoja atakavyolitumia dhidi ya mwenzake. Mahali panapoonyesha jambo hili vizuri ni pale chumba cha Light kinapokuwa kimetegwa kamera kila upande, naye anaendelea kufanya mazoezi ya masomo yake huku akila vibanzi vya viazi, na ndani ya mfuko huo wa vibanzi ameficha televisheni ndogo inayomwonyesha majina na sura za wahalifu, ambao anawaandika kwenye kipande cha daftari bila wanaomtazama kuona chochote. Anayeguswa na ukurasa huo anapenda mchezo wa akili, na ndugu wa kweli wa anachokipenda ni Kaiji ya Nobuyuki Fukumoto, iliyoanza 1996, ambamo mtu aliyezama katika madeni anacheza kamari za ajabu huku uhai wake ukiwa rehani, au Liar Game ya Shinobu Kaitani, ambayo imejengwa yote juu ya udanganyifu ulio na kanuni. Kaiji imechorwa kwa pua ndefu zilizochongoka na nyuso zinazolia machozi mazito, haina uzuri wowote wa Obata, na ndiyo maana wanaotazama sura ya nje hawaifikirii.

Msomaji mwingine wa Death Note alivutwa na uzuri huo wenyewe, yaani mikunjo ya nguo, mikono, kivuli cha mwanga wa kompyuta usoni. Huyo apewe Hikaru no Go, ambayo Obata aliichora kati ya 1998 na 2003 kwa hadithi ya Yumi Hotta, inayomhusu mtoto anayejifunza mchezo wa go, mchezo wa kale wa ubao unaochezwa kwa mawe meusi na meupe, akiongozwa na roho ya mchezaji wa zamani. Hakuna muuaji humo, wala daftari, lakini mkono ni uleule, na namna ya kulifanya wazo linalopita kichwani lionekane kama pigo ni ileile. Monster imfae msomaji wa tatu, ambaye katikati ya mchezo ule wa akili alisumbuliwa na watu waliokufa. Daktari Tenma, Mjapani anayefanya upasuaji wa ubongo Düsseldorf nchini Ujerumani, anakataa amri ya wakubwa wake na kumpasua mtoto aliyeletwa kwanza badala ya meya wa mji, mtoto anapona, na miaka kadhaa baadaye daktari anagundua kwamba aliyemwokoa amekuwa muuaji wa kutisha. Swali la kama uhai wa watu wote una thamani sawa linatawala kila ukurasa, na Urasawa haoni tabu kumwacha Tenma kwa sura nzima ili kumfuata mzee mlevi au polisi mstaafu ambaye hadithi ya upelelezi ya kawaida isingempa hata jina. Anayetafuta mbio za Death Note ataiona Monster inajikokota, ilhali anayetafuta huruma ataona kwamba hapo ndipo alipokuwa anakwenda tangu mwanzo.

Wasomaji watatu wamependa kitabu kimoja na wanastahili majibu matatu, jambo ambalo haliwezekani kujulikana kabla ya kuwauliza. Swali linalofaa ni lile linalomtaka msomaji ataje ukurasa aliourudia mara mbili, au sura iliyomfanya aweke juzuu chini kwa muda, kwani ukitaja ukurasa unakuwa umetaja sababu hata kama hukuwa na maneno ya kuieleza.

Manufaa ya swali hilo huonekana hata pale linapompeleka msomaji mbali kabisa na alikotarajia. Fullmetal Alchemist ya Hiromu Arakawa, iliyotoka kati ya 2001 na 2010 katika juzuu 27, inawahusu ndugu wawili waliojaribu kumfufua mama yao kwa alkemia, elimu ya kubadili maada, wakalipa kwa viungo vya miili yao, kwa kuwa sheria ya ulimwengu wao ni kwamba hakipatikani kitu bila kutolewa kingine chenye thamani ileile. Wanaoipenda hupelekwa kwa kawaida kwenye hadithi nyingine za uchawi na majeshi. Lakini Arakawa alikulia katika familia ya wafugaji wa ng'ombe wa maziwa kisiwani Hokkaido, na sheria ile ya malipo ni sheria ya mfugaji kabla ya kuwa sheria ya mwanaalkemia, jambo linalodhihirika katika Silver Spoon, kazi yake iliyoanza 2011. Humo, kijana wa mjini aitwaye Hachiken anajiunga na sekondari ya kilimo, anamhurumia mtoto wa nguruwe aliye dhaifu kuliko wenzake, na anampa jina la Butadon, ambalo ni jina la bakuli la wali wenye nyama ya nguruwe, ili asisahau mnyama huyo atakuwa nini. Anamlisha mpaka ananenepa, siku ya machinjo inafika, naye ananunua nyama yake yote kwa akiba yake na kuila pamoja na wenzake wa shule. Hakuna pambano lolote katika kurasa hizo, na bado msomaji aliyeguswa na ndugu wale wawili na madeni yao atatambua kwamba anazungumziwa jambo lilelile na mtu yuleyule, safari hii bila vazi la uchawi.

Frieren ya Kanehito Yamada na Tsukasa Abe, iliyoanza 2020, inadai uangalifu wa namna hiyo pia. Inaanzia pale ambapo hadithi nyingine huishia: mashujaa wamekwisha kumshinda mfalme wa mapepo, wanaagana, na miaka 50 baadaye mchawi Frieren, ambaye kabila lake huishi zaidi ya miaka elfu, anarudi na kumkuta kiongozi wao, Himmel, amekuwa mzee, kisha analia kwenye mazishi yake kwa kuwa hakujishughulisha kumfahamu walipokuwa pamoja. Kumpa aliyelia hapo orodha ya hadithi nyingine za wachawi ni kumkosea. Anachohitaji ni kazi inayoutazama muda kwa utulivu uleule, na ya kwanza kutajwa iwe Yokohama Kaidashi Kiko ya Hitoshi Ashinano, iliyotoka katika Afternoon kati ya 1994 na 2006, ambayo shujaa wake, Alpha, ni roboti mwenye mkahawa usio na wateja wengi, anayebaki vilevile huku bahari ikimeza miji, watoto wa jirani wakikua, na watu wakipungua duniani bila vita wala kelele. Mushishi ya Yuki Urushibara, ambamo mganga mzururaji Ginko huwasaidia watu walioingiliwa na viumbe visivyo mimea wala wanyama, inafuata kwa karibu, hasa kwa wale waliopenda kuona hadithi fupi ikikamilika ndani ya sura moja.

Utulivu huo una mbinu yake inayoweza kuonyeshwa kwa kidole. Mwaka 1993, Mmarekani Scott McCloud, katika kitabu chake kuhusu sanaa ya hadithi za picha, aliainisha njia ambazo jicho hupita kutoka kisanduku kimoja cha picha kwenda kingine, na akaonyesha kwamba Wajapani, kuliko Wamarekani na Wazungu wa Ulaya, hutumia mara nyingi mpito ambao hausogezi tendo lolote: kisanduku kimoja ni dirisha, kinachofuata ni kikombe, kinachofuata ni mawingu, na kwa pamoja vinajenga mahali na hali. Mshauri anayeijua mbinu hii anaweza kufungua juzuu mbili mahali popote, akalinganisha idadi ya visanduku visivyo na maneno, na akajua zaidi kuhusu kufanana kwake kuliko ambavyo muhtasari wa hadithi ungemwambia.

Kazi ya kushauri sasa imeachiwa kwa kiasi kikubwa programu za kompyuta, na ni haki kuzieleza kwa usahihi. Nyingi kati yake hazisomi hadithi. Huangalia tu kwamba waliosoma kazi moja walisoma pia nyingine, kisha hupendekeza ya pili kwa kila aliyesoma ya kwanza. Njia hiyo ina nguvu ambayo haikatazwi kusifiwa, kwa kuwa inavuka mipaka ya shonen na shojo bila kujua kwamba ipo. Udhaifu wake ni kwamba kazi iliyosomwa na watu wengi hujitokeza karibu na kila kazi nyingine, na ile iliyosomwa na wachache haitokei popote, hata ikiwa ndiyo jibu sahihi. Namna kazi zinavyosambazwa huongeza uzito upande huohuo: huduma ya Manga Plus, ambayo Shueisha iliianzisha mwaka 2019 na ambayo iliwafungulia wasomaji wa nchi nyingi mlango halali wa kusoma bure, ilijengwa juu ya kutoa sura za mwanzo na sura mpya kabisa za hadithi zinazoendelea, hivyo mazungumzo ya wasomaji huvutwa daima kuelekea kilichotoka wiki hii.

Dawa ya hali hiyo ni ukoo. Wachoraji wa manga hujifunza kazi wakiwa wasaidizi katika karakana za wachoraji waliowatangulia, ambako huchora mandhari, hujaza wino na kufuta mistari ya penseli, na mkono wa mwalimu hubaki katika mkono wa mwanafunzi. Takehiko Inoue, kabla ya kuchora Slam Dunk, alikuwa msaidizi wa Tsukasa Hojo, mchoraji wa City Hunter, na anayelinganisha miili na nyuso katika juzuu za mwanzo za Slam Dunk na za Hojo ataona undugu ambao mada, mpira wa kikapu kwa mmoja na mlinzi wa kukodiwa kwa mwingine, inauficha kabisa. Pluto ya Urasawa, iliyotoka kati ya 2003 na 2009, inasimulia upya sehemu moja ya Astro Boy ya Osamu Tezuka, na aliyeisoma akaipenda ana kila sababu ya kurudishwa kwa Tezuka mwenyewe, hususan Black Jack, iliyoanza 1973, inayomhusu daktari wa upasuaji asiye na leseni, na iliyoandikwa na mtu aliyesomea udaktari kabla ya kuchagua kuchora. Njia hiyo kutoka kwa Tenma wa Monster hadi kwa daktari wa Tezuka haiwezi kuonekana kwa kuhesabu waliosoma nini pamoja na nini, kwa kuwa waliosoma vyote viwili ni wachache.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, ambaye mara nyingi huijua hadithi kwanza kupitia anime, yaani filamu za katuni za Kijapani, kisha akaitafuta manga yake kwenye simu, kuna jambo la kimaumbile ambalo mshauri hana budi kulipima. Vagabond ya Inoue na Akira ya Katsuhiro Otomo hutegemea picha zinazotanda kurasa mbili kwa pamoja, na kioo cha simu huzikata katikati au huzipunguza hadi upana wa kidole, kwa hiyo anayezisoma hivyo hajazisoma. Hadithi za visanduku vinne, ambazo Wajapani huziita yonkoma, hazipotezi chochote kwenye kioo hicho. Sazae-san ya Machiko Hasegawa, iliyoanza 1946 na kudumu magazetini hadi 1974 ikiwachekesha Wajapani kwa mambo ya nyumba moja ya kawaida, ingemfaa sana mtu aliyekua akimfuata Juha Kalulu wa Edward Gitau kwenye Taifa Leo, na huyo hajioni hata kidogo kuwa msomaji wa manga. Mapendekezo yaanzie pia kwa watu kama hao, kwa maana aliyependa hadithi ya picha ya gazeti ana ladha iliyokwisha kukomaa, na hana sababu ya kuambiwa aanze na juzuu zaidi ya 100 za One Piece.

Ukweli juu ya kazi inayopendekezwa ni sehemu ya pendekezo lenyewe. Berserk ya Kentaro Miura, ambayo huelekezwa kwa kila apendaye hadithi za mapanga, ina ukatili wa kingono usiofaa kupewa mtoto wala kumshtukiza mtu mzima, na Banana Fish nayo inao, hivyo anayezitaja bila kutoa tahadhari amefanya nusu ya kazi yake. Miura alifariki Mei 2021, na tangu 2022 hadithi yake inaendelezwa na wasaidizi wake chini ya rafiki yake Kouji Mori, jambo ambalo msomaji ana haki ya kulijua kabla ya kufika kwenye juzuu ambamo mkono unabadilika. Vagabond haijatoa sura mpya tangu 2015, na Nana ya Ai Yazawa, hadithi ya wasichana wawili wenye jina moja wanaopanga chumba pamoja Tokyo, ilisimama 2009 mwandishi alipougua. Zote mbili zinastahili kupendekezwa hata zikiwa hazijakamilika, na Nana hasa, kwa kuwa katika juzuu zake 21 kuna urafiki uliochorwa kwa undani ambao kazi nyingi zilizokamilika hazikuufikia, ila mwenye kuipokea aambiwe mapema kwamba atafika mahali ambapo kurasa zinakwisha na wasichana hao bado hawajakutana tena.